Uyoga Uliokuja na Miti

Chepseon,
19 Mei 2025

Kwa Mama Calvince,

Nakusalimia wewe na Calvince, na mama pia, kama miguu yake inamruhusu kutoka nje siku hizi. Huku mvua haijakata tangu Pasaka. Yule ng'ombe mwekundu alizaa Jumanne, ndama jike. Molly amerudi shule na barua ya mwalimu inasema hali chakula vizuri. Koti la mvua la Dorine bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimelitoa mara tatu na kulirudisha mara tatu.

Naandika kwa sababu simu yangu haiingii kwako. Nilidhani ni mtandao. Nikaazima simu ya kasisi, ukapokea, uliposikia sauti yangu ukakata. Kwa hivyo barua hii nimeipeleka kwa ofisi ya vifurushi ya basi, watakupigia uichukue hapo Ugunja.

Mama Calvince, siku mbili baada ya kumzika mdogo wako, mke wangu Dorine, ulitoka nyumbani kwangu asubuhi, ukaniambia unaenda kununua vocha. Ulikuwa umekunywa chai yangu. Ulienda kituo cha polisi ukaandikisha kwamba Chepkirui, mke wa ndugu yangu Jonah, alimpa Dorine sumu. Kisha ukarudi, ukala chakula cha mchana kilichopikwa na huyo huyo Chepkirui, ukapanda gari ukaenda. Mimi nilikuja kujua kutoka kwa chifu, mbele ya watu.

Ushahidi wako ni beseni ya bluu. Ndiyo, beseni ni ya Chepkirui. Walienda pamoja kuokota kuni kwenye msitu wa paini wa kampuni, Ijumaa ile ya tarehe kumi na moja Aprili, na Dorine alipoona uyoga hakuwa na kitu cha kuubebea. Chepkirui alimwaga fito na vijiti vyake chini akampa beseni. Huo ndio ubaya wake. Uyoga aliuchuma Dorine mwenyewe, akauosha mwenyewe, akaupika mwenyewe, akala. Mimi nilikuwa nimekula kwenye kikao cha kituo cha kununua majani ya chai, nikalala. Molly alikataa kwa sababu anasema uyoga unateleza mdomoni kama konokono. Namshukuru Mungu kwa ulimi wa mtoto huyo.

Chepkirui ameitwa kituoni mara mbili. Amekatazwa kutoka nje ya wilaya. Wanawake waliokuwa wakinunua maziwa kwake sasa wanapita mlango wake na mitungi mitupu kwenda mbali zaidi. Na Molly, kabla ya kurudi shule, alimwagia kuku chakula alicholetewa na Chepkirui, mama yake mdogo. Nilimwona. Alikusikia wewe siku ya mazishi ukimtaja Chepkirui.

Nenda kituo cha karibu na kwako, useme ulikosea kwa uchungu. Hakuna atakayekucheka. Faili inaenda kwa mwendesha mashtaka tarehe nne Septemba. Kabla ya hapo neno lako linaweza kurudishwa.

Ni mimi shemeji yako,
Bethwel


Ugunja,
2 Juni 2025

Baba Molly,

Salamu zimefika. Mama yuko. Kila akipelekewa uji anauliza kama Dorine amekula. Nimemwambia Dorine hayuko, analia, halafu kesho anauliza tena, kwa hivyo siku hizi nasema amekula. Calvince amepata kazi ya kupaka rangi Kisumu. Ndama wako nimesikia, hongera.

Sasa tuongee.

Wewe unaniandikia kama mwalimu anayemwandikia mzazi wa mtoto mtundu. "Hakuna atakayekucheka." Nani amekuomba unilinde na kicheko? Nimezika mtoto niliyemlea. Mama alipokuwa akienda kuuza samaki, ni mimi niliyembeba Dorine mgongoni. Meno yake ya kwanza niliyaona mimi.

Unajua ninafanya nini Ugunja. Nauza uyoga, mbichi wakati wa mvua, mkavu wakati wa jua, miaka ishirini na sita. Mtu akiokota kitu asichokijua haendi kwa daktari, anakuja kwa meza yangu anasema, Aluoch, angalia. Naangalia. Nikisema tupa, anatupa. Nikisema pika, anapika. Hakuna mtu hata mmoja amewahi kuumwa tumbo kwa neno langu. Uliza soko zima.

Na Dorine nilimfundisha mimi. Kabla hajajua kusoma alijua kichuguu kipi kitatoa uyoga baada ya radi. Obuolo, ule uyoga wetu wa kichuguu, anaujua kama anavyojua kidole chake. Kwa hivyo usiniambie alikosea. Mtoto wangu hakukosea. Kama alichokula kilikuwa na sumu, basi kuna mkono uliotia sumu, na mkono uliokuwa karibu ni wa nani? Huyo mke wa ndugu yako alisimama pale msituni akasema, "Nyinyi watu wa ziwa mnakula masikio ya maiti." Dorine alinisimulia kwenye simu akicheka. Wewe unaona huo ni utani. Mimi naona ni mtu aliyejua anachosema. Kwa nini yeye hakula? Nijibu hilo.

Nijibu na hili lingine. Mtoto wangu aliamka akitapika Jumamosi alfajiri. Amekufa Alhamisi. Hospitali kubwa mlimfikisha Jumanne jioni. Hizo siku katikati mlikuwa mnafanya nini?

Mwisho, nitumie simu yake. Ni mimi niliyemnunulia Krismasi. Nataka kitu chake cha kushika. Uipeleke kwa ofisi hiyo hiyo ya basi, usiifungue wala kumpa fundi aiharibu.

Aluoch


Chepseon,
24 Juni 2025

Kwa Mama Calvince,

Pole kwa mama. Mwambie nimemsalimia. Kama ataniuliza na mimi kama nimekula, mwambie ndiyo.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro siku kumi, kwa sababu ningejibu siku ile ningeandika vitu ambavyo mtu haandikii dada ya mke wake. Hasira haijaisha. Imetulia tu kidogo, kalamu inaweza kushikika.

Umeuliza kwa nini Chepkirui hakula. Hakula kwa sababu hajawahi kula uyoga maishani mwake, kama mimi. Kwetu kuna wanaokula na kuna wasiokula. Alimtania Dorine vile kila mwaka kwa miaka kumi na minne, na Dorine alikuwa akimjibu kwamba afadhali masikio ya maiti kuliko maziwa yenu ya kibuyu yenye mkaa. Walikuwa wakicheka mpaka kuni zinawaanguka. Wewe umechukua kicheko chao ukakipeleka polisi.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kuna mtafiti wa mambo ya misitu anaitwa Johana, alisoma na Jonah. Nilimpigia, akaja na pikipiki, mfuko wake umejaa bahasha za karatasi. Nilimpeleka mimi na Chepkirui mahali pale pale. Chepkirui alikumbuka mti kwa sababu una alama ya msumeno. Mvua ilikuwa imenyesha, na uyoga ulikuwa umetoka tena, mwingi, kama sahani zilizosahauliwa nje.

Johana hakuuvuta. Alipiga magoti akachimba kuuzunguka kwa kisu, akautoa mzima na udongo wake. Alinionyesha kitu kimoja baada ya kingine. Kofia laini, rangi yake kama majani ya chai yaliyokauka vibaya, kati ya kijani na njano, na pembeni inakwisha kuwa nyeupe. Chini ya kofia mistari myeupe kabisa. Shingoni kipande kimening'inia kama sketi. Halafu chini kabisa, ndani ya udongo, kikombe. Mguu wake umekaa ndani ya kikombe cheupe kilichopasuka, kama ganda la yai baada ya kifaranga kutoka. Akasema hicho kikombe ndicho jina lake. Mtu akikiona hicho, asiguse.

Nyumbani alikata kofia moja akailaza juu ya karatasi, nusu nyeusi nusu nyeupe, akaifunika kwa bilauri. Asubuhi ilikuwa imeacha unga mweupe kwenye upande mweusi. Alisema ule wenu wa kichuguu huacha unga wa rangi ya waridi. Akapeleka mwingine maabara na majibu yakaja kwa maandishi. Ni uyoga unaoua ini. Mtu anatapika siku ya kwanza, siku ya pili au ya tatu anapata nafuu mpaka kila mtu anafurahi, kumbe ndani ini linaoza. Nilimuuliza unaitwaje kwa Kikipsigis. Akasema hauna jina. Nikamuuliza kwa Kijaluo. Akasema hauna. Ulikuja ndani ya mizizi ya miche ya paini, kutoka ng'ambo, wakati misitu hii inapandwa. Babu zetu hawakuujua, wako na wangu. Nani angemfundisha Dorine?

Kuna jambo moja zaidi, na hili niliona mwenyewe kabla Johana hajasema. Kando ya mti ule kulikuwa na mashina ya uyoga wa zamani, yamebaki ardhini, yameoza. Yalikatwa shingoni. Hayakung'olewa. Johana akauliza, "Nani anachuma uyoga hivi?" Chepkirui akaanza kulia. Dorine alichuma chai miaka kumi na tisa. Majani mawili na chipukizi, kidole gumba na cha pili, anavunja juu anaacha chini. Hata sukuma wiki alichuma hivyo. Hata maua ya kanisani. Ulimfundisha kung'oa uyoga na mzizi wake, najua, alinisimulia, lakini hiyo ilikuwa mikono ya mtoto. Mikono aliyokuja kuwa nayo ilikuwa ya chai. Kikombe kilibaki kwenye udongo na hakukiona.

Hapo hakuna sumu iliyotiwa na mtu, Mama Calvince. Nakala ya maandishi ya maabara nimeiambatisha. Nenda kituoni.

Simu yake imefungwa kwa namba ya siri na siijui. Iko salama.

Bethwel


Ugunja,
6 Julai 2025

Baba Molly,

Tuko wazima. Mvua imeisha huku, vumbi limeanza, biashara imelala.

Karatasi yako nimeipokea. Ina mhuri mzuri. Huyo Johana wako alisoma na ndugu yako, analala kwa ndugu yako, na amegundua kwamba mke wa ndugu yako hana kosa. Kazi nzuri. Mngenichagulia na mimi shahidi.

Ati mkono wa chai. Kwa hivyo mdogo wangu alikuwa mashine? Nani alimpeleka kwenye chai? Alikuja huko akiwa na miaka kumi na saba, kwa msimu mmoja tu, apate nauli ya kusomea ushonaji. Ukamwona. Msimu ukawa miaka kumi na tisa. Kama mikono yake ilisahau alichofundishwa na dada yake, ilisahaulishwa na shamba lako. Jibu hilo pia uandike kwa mhuri.

Na bado unaruka. Nimeuliza kwa maneno ya wazi, ukaniletea vikombe na bilauri. Jumapili ya Matawi alinipigia yeye mwenyewe, sauti yake nzuri, akasema kutapika kumekata, amekunywa chai ya rangi. Akasema nesi wa zahanati alimwambia aende Kericho apimwe damu hata kama anajisikia nafuu. Nikamwambia aende kesho asubuhi. Jumatatu. Baba Molly, Jumatatu ilikuwa na nini?

Simu nitumie hivyo hivyo ikiwa imefungwa. Sihitaji namba. Usiende kwa mafundi wa Kericho, wale ni wezi, watafuta kila kitu.

Aluoch


Chepseon,
28 Julai 2025

Mama Calvince,

Salamu. Mama nimemtumia majani ya chai kilo moja, yako ndani ya kifurushi.

Molly amefunga shule. Aliniona nimeshika simu ya mama yake akasema, "Baba, namba ni mwaka niliozaliwa." Nilikaa miezi mitatu na hiyo simu na sikufikiria.

Nimeifungua.

Sitaandika nilichoona wala nilichosikia. Nakuachia wewe uandike. Kila siku nikipita kwa Chepkirui anaosha mitungi ya maziwa yasiyo na wa kuyanunua, nami najua, na wewe unajua, na yeye hajui.

Tarehe nne Septemba.

Bethwel


Chepseon,
14 Agosti 2025

Aluoch,

Basi limeleta mzigo wa watu wengine mara tano. Ofisi ya vifurushi wananijua sasa, wananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani.

Sijawahi kumpigia mwanamke kelele. Dorine alikuwa akisema mimi nikikasirika natafuta kitu cha kurekebisha, na ni kweli, mwezi huu nimerekebisha zizi, lango, na paa la choo. Hakuna kilichobaki cha kurekebisha.

Ningeweza kupeleka hiyo simu kituoni kesho na mambo yaishe. Sipeleki, kwa sababu nataka itoke kwa mdomo wako. Uliweza kusimama juu ya kaburi la mke wangu ukamnyooshea mtu kidole. Hukuona haya watu wa makabila mawili wakianza kusimama pande mbili za udongo, hapa, ambapo kila mtu mzima anakumbuka miaka ya uchaguzi na nyumba zilizoungua. Mzee mmoja wa kanisa ilibidi aimbe kwa nguvu kukufunika. Wewe unajua neno kama lile huku linaweza kwenda wapi. Ulijua, ukalisema, kwa sababu ulikuwa na kitu chini ya ulimi.

Kiteme.

Bethwel


Ugunja,
23 Agosti 2025

Bethwel,

Leo sina salamu, nisamehe. Mama amelala. Nimefunga mlango ndipo niandike, na hii ni karatasi ya nne.

Ijumaa ile, saa kumi na dakika arobaini jioni, nilikuwa sokoni na wateja. Simu ikalia. Ni picha kutoka kwa Dorine. Beseni ya bluu, imejaa kofia. Chini ameandika, "Dada, si huu ndio ule wetu? Nimeupata kwa paini, siamini!" Nilikuwa napima uyoga wa mtu kwa mkono mmoja. Niliangalia kwa muda wa kupepesa macho. Nikabonyeza nikamtumia sauti. Umeisikia. Nacheka ndani yake. Nasema, "Huo huo, mama! Weka kitunguu, umalizie na njugu. Umenifanya nimeze mate."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake nikiwa nacheka.

Unataka kujua nilichojua na wakati gani. Siku ya mazishi nilikuwa nimeshajua kwamba kuna kitu kibaya. Sikujua ni nini. Niliiona ile beseni imeegemea ukuta wa jikoni, nikaikumbuka ile picha. Mtu akauliza, "Beseni ni ya nani?" Mwingine akajibu, "Ya Chepkirui." Bethwel, nilihisi kama mtu amenivuta kutoka kwenye maji. Ilikuwa ya mtu mwingine. Nikapiga kelele. Nilipopiga kelele watu walinishika, wakanipa maji, wakaniita mama. Ningesema ile nyingine, nani angenipa maji?

Halafu nikaenda polisi ili nisirudi nyuma.

Barua yako ya Juni, ile ya kikombe, niliisoma hapo hapo kwenye dirisha la ofisi ya basi. Nikarudi nyumbani nikafungua ile picha kwenye simu yangu. Sijaifuta, nilitaka kuifuta kila siku. Niliangalia vizuri sasa, miezi miwili baadaye. Kofia tupu. Hakuna hata mzizi mmoja. Ule wetu hung'olewa na mkia wake mrefu, tunauona hata gizani, na katikati ya kofia una ncha kama chuchu. Hii ilikuwa laini kama kichwa cha mtoto mchanga. Na ameniandikia "paini". Kuna kichuguu gani chini ya paini, huko kwenye baridi? Mteja angeniletea vile mezani ningemwambia, mama, mzizi uko wapi? Neno moja. Nimeliuliza watu wasionihusu kwa miaka ishirini na sita. Mdogo wangu sikumuuliza, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha, na mtu niliyemfundisha mimi hakosei.

Sijauza uyoga tangu Aprili. Nimedanganya nilipoandika biashara imelala. Watu wanakuja na vikapu wanasema angalia, nasema macho yangu yameharibika.

Tarehe nne nitakuja. Usinipokee stendi. Usimwambie Molly.

Na hujanijibu. Sikuulizi ili tuwe sawa. Nauliza kwa sababu mimi sasa najua upande wangu wote, usiku na mchana, na kuna shimo katikati lenye jina la Jumatatu, na siwezi kulizunguka.

Aluoch


Chepseon,
7 Septemba 2025

Aluoch,

Mama Calvince. Sijui nianzie jina lipi.

Mama nimeambiwa na Calvince kwamba amekula. Molly yuko mzima, amekuwa wa tatu kwenye hesabu.

Nilikuona Alhamisi ukishuka kwenye gari na mkoba mmoja, kitambaa umekifunga kama mtu anayeenda shamba. Ulipita karibu nami kama hatujuani, na mimi nikaacha. Ndani, afisa alikuambia unaweza kuandika tu na kuweka sahihi. Ukasema hapana, aitwe Chepkirui, unataka kusema akiwepo. Akaja na Jonah. Ukaweka simu yako mezani, ukabonyeza, na kicheko chako kikajaa ile ofisi. Kisha ukasema, "Ni mimi niliyesema upikwe. Huyu alitoa beseni tu." Afisa alikuuliza kwa nini ulimsingizia. Ukajibu, "Kwa sababu alikuwa karibu."

Nilingoja Chepkirui apige kelele. Ana haki. Alisema, "Miezi mitano, Aluoch. Hata mtoto ulinichukulia." Akatoka. Nilipogeuka kukutafuta, wewe ulikuwa umeshapanda gari la kurudi.

Faili imefungwa. Jana mitungi miwili ilirudi kwa mlango wake. Mitatu haijarudi, na sidhani itarudi. Neno lako la kwanza lilienda haraka, la pili linatembea kwa miguu. Molly nilimwambia ukweli, wote, ingawa ulikataza. Amechoka na watu wazima wanaomkingia vitu. Alienda kwa Chepkirui akasimama mlangoni. Chepkirui akampa sufuria aisugue. Walisugua pamoja mpaka giza.

Sasa Jumatatu.

Jumatatu Dorine aliamka kabla yangu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, amevaa ile sweta ya kijivu aliyoishona kiwiko kwa uzi wa kijani. Akasema, "Bethwel, tumbo limenyamaza lakini upande huu ni mzito, kama nimemeza jiwe. Twende Kericho." Nikamwangalia. Alikuwa na rangi nzuri. Nje lori la majani lilikuwa linapita saa nne, na lisipopakia siku hiyo majani yangu yangechacha, maana Ijumaa hatukupeleka kitu. Nikasema, "Umepona, mama. Kesho, tukishapeleka majani." Akasema sawa. Akavaa koti lake la mvua, akashika kikapu, akaja kunisaidia. Alichuma kwa muda wa saa tatu, Aluoch. Ini lake likiwa limekufa, alichuma, na aliponipita kwenye mstari alinitania kwamba nazeeka.

Jumanne macho yalikuwa ya manjano.

Johana nilimuuliza, tukiwa peke yetu, kama Jumatatu ingebadilisha kitu. Akasema pengine hapana. Akasema hata hospitali kubwa mara nyingi hushindwa na uyoga huu. Alisema pengine mara mbili. Nimelala na hilo "pengine" kila siku tangu Juni. Nilikuandikia barua za haki, na vikombe, na mihuri, na kila mstari nilikuwa nakimbia swali lako moja. Wewe ulisema huo huo. Mimi nilisema kesho. Katikati yetu sote wawili Chepkirui ndiye aliyelipa.

Usidhani nimekusamehe. Nimekukasirikia leo kama Mei. Naona ile hasira haina mahali pa kwenda, kwa sababu nikiipeleka kwako inanirudia nikiwa njiani. Wazee wa hapa wanasema tungoje kumbukumbu ya mwaka, utakuja na watu wako, tutaomba, tutakula, tutapeana mikono mbele ya kasisi. Sitaki. Kufikia Aprili tutakuwa tumejifunza kuongea vizuri.

Njoo Jumamosi hii. Chepkirui amesema atapika lakini hatakusalimia. Njoo kabla sijapoa. Nimechoka kugombana na karatasi.

Bethwel